Fosi septiki yenye kibali Lubumbashi: mwongozo kamili, kuanzia kisima cha jirani hadi dali ya mwisho

Anayejenga Lubumbashi hufikiria kwanza ukuta, paa na mlango wa chuma wa barabarani. Maji ya choo huja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha, na masoni ndiye anayeachiwa kuamua: "Mama, hapa kwenye kona pana nafasi, tuchimbe." Kona hiyo mara nyingi iko hatua chache tu kutoka kisima cha jirani aliye upande wa pili wa ukuta. Fosi septiki, yaani tangi la chini ya ardhi la kutulizia maji ya choo, ikishajengwa na kufunikwa, kuihamisha ni kulipia kazi mara mbili, na jirani anaendelea kuchota maji yake kila asubuhi bila kujua.

Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti na ule uliozoeleka. Anza na kisima, kisha udongo, kisha mchoro, kisha kibali. Sululu ije mwisho. Ukifuata hivyo, dosye yako (faili la maombi) inapofika ofisini inakuwa na majibu ya maswali ambayo mkaguzi anayejua kazi yake atayauliza, na wewe mwenyewe unakuwa na uhakika wa unachokiomba.

Kuna bomba la kuunganisha au hakuna?

Kwa malupango (viwanja vya nyumba) mengi ya hapa, jibu ni hapana. Ukiwa katika komini za Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba au Annexe, usitegemee kupata barabarani bomba la mji linalosubiri maji ya choo chako. Regideso inaleta maji safi, machafu haiyachukui. Kuunganisha nyumba, kwa wengi wetu, maana yake ni kujenga mfumo mzima ndani ya lupango: fosi septiki inayotuliza uchafu, halafu shimo au mtaro wa kunyonya unaorudisha maji ardhini.

Mfereji wa barabarani usikudanganye. Ule ni wa mvua. OVD, ofisi ya barabara na mifereji iliyoundwa mwaka 1987, inaushughulikia kama njia ya maji ya mvua, na mvua hapa hufika karibu milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Machi. Ukielekeza humo tiyo (bomba) ya choo, uchafu unapita mbele ya milango ya watu, unaingia vijitoni, vijito vinaingia mto Lubumbashi na Kafubu, na Kafubu unaelekea Luapula. Njiani kuna watu wanaomwagilia mboga kwa maji hayo, mboga ambazo zitarudi sokoni na mezani kwako. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 na sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 zote zinalinda mito na maji ya ardhini dhidi ya uchafu wa namna hiyo, kwa hiyo jirani anayekushtaki ana pa kusimama.

Kama nyumba yako ni ya zamani, katikati ya mji au Makomeno, usikisie. Fungua regari (kisanduku cha kukagulia tiyo) iliyo karibu zaidi na barabara, mtu mwingine amwage chooni ndoo ya maji yenye rangi, nawe utazame maji yanaelekea wapi. Yakikimbilia barabarani, usivunje wala kuunganisha kitu chochote kabla ya kwenda Urbanisme ya komini, ofisi ya mambo ya ujenzi, na kuuliza bomba hilo ni la nani na kama bado linafanya kazi. Barabara ni mali ya umma; kuikata kunahitaji ruhusa ya maandishi ya peke yake, nje ya kibali cha nyumba. Bomba la kale lililoziba halitakusaidia kitu, hata kama liko mita moja tu kutoka ukutani kwako.

Makaratasi ya lupango

Kibali cha kujenga kinatolewa kwa mtu ambaye haki yake juu ya ardhi inaonekana. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia anapata haki ya kuitumia, na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa peke yake. Wengi bado hawajafika kwenye sertifika. Wana mkataba wa kupangisha ardhi, au fishi ya lupango kutoka komini, au karatasi ya kununua iliyosainiwa na mashahidi. Kule Annexe, pande za Kisanga, Kalebuka, Kasungami au Luwowoshi, kuna waliopewa ardhi na shefu wa kimila na hawana zaidi ya karatasi yake.

Usimlipe msanifu kabla ya kujua karatasi yako ina uzito gani. Nenda Cadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi) na kwa Konservateri wa Titres Immobiliers (mtunza hati za ardhi), ulinganishe vitu vitatu: namba ya lupango, jina lililoandikwa, na vipimo. Kisha rudi nyumbani utafute mawe ya mipaka. Jambo hili linagusa fosi moja kwa moja. Watu wengi wanachimba wakiamini ukuta ndio mpaka, kumbe ukuta ulijengwa mita moja ndani ya lupango la mwingine, na fosi inaishia kuwa kesi. Kama karatasi ni ya shefu peke yake, anza njia ya Cadastre sasa, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayochukua muda kuliko zote.

Wenye nyumba iliyokwisha kujengwa bila kibali nao wana mlango. Waeleze Urbanisme waziwazi kwamba unataka kunyoosha hali ya jengo na kujenga fosi mpya, uombe kuambiwa dosye ya kunyoosha inahitaji nini. Kuficha nyumba nzima ili kupata karatasi ya shimo peke yake hakuna faida. Mkaguzi akifika ataiona.

Pima kabla ya kuchora

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapomwomba kila mwenye lupango atumie muda wake zaidi.

Chora kwa mkono lupango lako pamoja na malupango yote yanayolizunguka, la nyuma pia. Weka alama kila kisima na kila foraji (kisima kirefu cha tiyo). Piga hodi, uliza, ingia, pima kwa mita. Kanuni inayotumika sana katika kazi za afya ni kwamba shimo la maji machafu liwe angalau mita 30 kutoka mahali pa kuchota maji. Tazama pia mteremko: maji ya ardhini mara nyingi hufuata mwinamo wa ardhi ya juu, kwa hiyo fosi yako ikae upande wa chini wa kisima, si juu yake.

Malupango yetu ni madogo, na mita 30 mara nyingi hazipatikani. Usifunge macho. Una njia chache, na kila moja ina gharama. Unaweza kuzungumza na jirani kisima kifungwe na nyote mchangie foraji moja yenye kina, iliyozibwa vizuri kwa simenti pembeni mwa tiyo yake sehemu ya juu. Unaweza kujenga tangi lililozibwa kabisa, lisilonyonyesha maji popote, ambalo gari la vidanje, lile linalonyonya uchafu, litaliondolea uchafu mara kwa mara. Kwa familia kubwa hilo ni ghali sana, lakini kwa nyumba ya watu wawili au watatu wanaotumia maji kidogo linawezekana. Au unaweza kubakiza choo cha shimo kisichotumia maji mengi. Lupango lililobanwa na visima pande zote, mimi nisingeliwekea choo cha kuvuta maji chenye shimo la kunyonya, hata kama kibali kingetoka. Kipindupindu kimerudi katika mji huu mara nyingi mno kwa sisi kufanya mchezo na jambo hilo.

Sasa maji ya ardhini. Kiangazi, Agosti na Septemba, shimo la mita tatu linaweza kuwa kavu kabisa na ukafurahi. Machi, baada ya mvua zote, shimo hilohilo linaweza kujaa maji kutoka chini. Kipimo kinachohesabika ni kile cha mwisho wa mvua. Shusha kamba yenye jiwe katika kisima cha jirani mwezi wa tatu au wa nne, upime kutoka usawa wa ardhi hadi maji. Sakafu ya shimo la kunyonya inapaswa kubaki angalau mita 1.5 juu ya usawa huo. Kama maji yako mita 2.5 chini, shimo la kina halina nafasi; utatumia mitaro mirefu isiyokwenda chini.

Baada ya hapo udongo. Ardhi yetu nyekundu ina mfinyanzi mwingi, na hunywa maji polepole. Kichuguu ni kibaya zaidi: mchwa hukusanya mfinyanzi, ndiyo maana wachoma matofari wanakipenda. Mahali palipokuwa na kichuguu kilichosawazishwa, hata kama sasa ni uwanja mtupu, usiweke shimo la kunyonya. Waulize wazee wa kartie kilikuwa wapi.

Kipimo cha udongo hakihitaji mashine. Chimba hadi kina ambacho tiyo ya kunyonyesha itakaa, kisha chini yake chonga shimo dogo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Lijaze maji jioni uliache usiku kucha, udongo ushibe. Asubuhi lijaze tena, simamisha kijiti chenye alama mbili, moja sentimita 22.5 kutoka chini na nyingine 7.5. Pima maji yanachukua muda gani kushuka kutoka alama ya juu hadi ya chini. Rudia mara tatu, na ufanye hivyo angalau sehemu mbili za lupango. Ikichukua zaidi ya saa nne, udongo haunyonyi vya kutosha. Ikichukua chini ya nusu saa, maji yanapita haraka mno na yatafika kwenye maji ya kisima kabla udongo haujayasafisha. Kati ya hapo, unaweza kuendelea. Andika namba zote na upige picha. Zitaingia kwenye dosye.

Hesabu ya ukubwa

Hesabu watu wote wa lupango, wapangaji wa nyumba za nyuma wakiwemo, na wale wanaokuja likizo wakakaa. Tuseme ni 10. Nyumba yenye choo cha kuvuta na bafu inaweza kukadiriwa lita 80 kwa mtu kwa siku, yaani lita 800 kila siku. Uchafu unahitaji kutulia. Ukiupa siku mbili ni lita 1,600. Juu yake ongeza nafasi ya tope linalokaa chini: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ikiwa maji yote ya nyumba yanaingia. Ukipanga vidanje kila baada ya miaka 3, tope ni 40 × 10 × 3, lita 1,200. Jumla lita 2,800.

Fosi yenye upana wa ndani wa mita 1, urefu wa mita 2.4 na kina cha maji cha mita 1.2 inabeba lita 2,880. Inatosha. Igawanye vyumba viwili, cha kwanza mita 1.6 na cha pili mita 0.8, maana sehemu kubwa ya tope hubaki katika chumba cha kwanza. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa, hivyo kina chote cha ndani ni mita 1.5. Unene wa ukuta wa kugawa unakula nafasi pia. Mwambie masoni auongeze katika urefu.

Watu wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosea. Fosi haipotezi maji. Lita 800 zinazoingia leo zinasukuma lita 800 nje leo. Udongo wa mfinyanzi unaopitisha maji kiasi unaweza kunyonya kama lita 20 kwa mita ya mraba kwa siku. Wenye mchanga uliochanganyika na mfinyanzi, kama 25. Kwa lita 20 unahitaji mita za mraba 40 za ukuta wa kunyonya. Shimo la duara la kipenyo cha mita 1.5 na kina kinachofanya kazi cha mita 2.5 lina ukuta wa karibu mita za mraba 12. Sakafu usiihesabu, itaziba. Kwa hiyo familia ya watu 10 inahitaji mashimo matatu na zaidi, si moja. Hiyo ndiyo sababu mashimo mengi ya hapa yanatapika Januari.

Mtaro mara nyingi unafaa zaidi kuliko mashimo: mita 1 ya kina kinachofanya kazi inatoa mita za mraba 2 kwa kila mita ya urefu, kwa sababu pande zote mbili zinanyonya. Mita 20 za mtaro, zikigawanywa mara mbili za mita 10 na kuachana mita 2, zinakupa 40. Unaweza kupanda ndizi kando yake. Gari lisipite juu.

Kama nafasi haitoshi, punguza maji kabla hujapunguza shimo. Bomba linalovuja la tanki la choo linaweza kuzamisha mfumo mzima.

Mchoro na dosye

Ukiwa na namba hizo, ndipo unamtafuta msanifu au fundi anayekubaliwa na Urbanisme. Mwulize komini anakubaliwa nani, usikubali mtu anayejitokeza mlangoni pa ofisi. Dosye ya kawaida ina barua ya kuomba, nakala ya karatasi za ardhi, kitambulisho, mchoro wa mahali lupango lilipo katika kartie, mchoro wa majengo ndani ya lupango, michoro ya vyumba, ya kukata na ya sura, pamoja na makadirio ya gharama. Omba komini wakupe orodha yao kwa maandishi, na ufuate hiyo.

Ndani ya mchoro wa majengo, dai maji machafu yaonyeshwe kikamilifu. Wasanifu wengi huchora kiduara kidogo na kuandika FS pembeni. Hakitoshi. Mchoro uonyeshe tiyo kutoka kila choo, bafu na jiko, mwinamo wake, kila regari, fosi na vipimo vyake, mitaro ya kunyonya na urefu wake, umbali hadi nyumba, ukuta wa mpaka, na kila kisima, vya majirani pia. Ambatisha matokeo ya kipimo cha udongo. Mkaguzi akiyaona hayo, mazungumzo yenu yanakuwa ya kazi.

Fikiria gari la vidanje wakati huohuo. Fosi iwe mahali ambapo mpira wa gari unafika kutoka langoni bila kupita sebuleni. Iache mita 3 kutoka msingi wa nyumba.

Kupeleka ombi

Anza kwa shefu wa kartie, ajue unachofanya, kisha ofisi ya Urbanisme na Habitat ya komini yako. Mambo ya permi ya kujenga yalipangwa upya kwa agizo la waziri la mwaka 2013, na kadiri jengo linavyokuwa kubwa ndivyo saini inavyopanda kutoka komini kwenda juu. Kwa hiyo uliza siku ya kwanza kabisa: jengo kama langu linasainiwa na nani? Nyumba ya familia na jengo la orofa la kupangisha hazifuati njia moja.

Peleka nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, uondoke nayo. Bila nakala hiyo huna ushahidi kwamba uliwahi kuomba, na dosye zinapotea.

Wakaguzi watakuja kuona lupango. Hakikisha uko hapo wewe mwenyewe, mkiwa na fundi wako, na vijiti vimepigwa ardhini vikionyesha fosi na mitaro itakapokaa. Waonyeshe visima. Wakitaka kitu kihamishwe, waombe waandike katika ripoti yao, kisha ubadilishe mchoro.

Malipo yanafuata noti ya malipo yenye jina lako, sababu ya malipo, kiasi na mahali pa kulipia. Lipa pale palipoandikwa, uhifadhi risiti na nakala yake. Ukiombwa pesa bila noti, jibu kwa heshima: "Papa, nipe noti, nikalipe leo." Sema hivyo kila mara, kwa sauti ileile, bila ugomvi. Matabishi hayaandiki jina lako popote. Mtu huyo akihamishwa kituo, mwenzake ataanza upya. Tena karatasi iliyonunuliwa haitakusaidia siku kisima cha jirani kitakapopimwa.

Usichimbe kabla kibali hakijasainiwa. Najua mvua haingoji mtu, na ndiyo sababu dosye inapaswa kuingia mapema. Anayetaka kuchimba Juni au Julai apime maji Machi na kupeleka makaratasi Aprili.

Kuchimba na kujenga

Bandika namba ya kibali panapoonekana kutoka barabarani. Uliza Regideso na SNEL (shirika la umeme) kama kuna tiyo au waya unaopita chini ya lupango, hasa karibu na lango.

Shimo likipita mita 1.5, kingo zizuiwe kwa mbao, na udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo. Watoto wazibiwe njia usiku. Udongo mwekundu unaonekana imara ukiwa mkavu, halafu unaporomoka mzima kwa mkupuo. Na kama kuna choo cha zamani kinachofukiwa, mtu asiingie ndani yake kwa sababu yoyote. Hewa ya humo inaua haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huwa wa pili kufa.

Sakafu ya fosi iwe betoni ya sentimita 15. Kuta za matofari ya kuchoma zinafaa zikiwa zimeiva vizuri. Gonga mawili, yalie. Bloku za simenti zilizojazwa ni imara zaidi. Ndani piga lipu mara mbili, simenti 1 kwa mchanga 3, kona zizungushwe. Tiyo zote za choo ziwe PVC za milimita 110, zikiinama sentimita 2 kwa kila mita. Mwinamo mkali mno nao unaharibu: maji yanakimbia na kuacha kinyesi nyuma.

Tiyo ya kuingilia iwe juu ya ile ya kutokea kwa sentimita 7 hivi. Zote mbili zimalizikie kwa te (kiungo chenye umbo la T) inayozama, ya kutokea ikishuka karibu sentimita 50 chini ya maji. Te hiyo ndiyo inayozuia utando wa mafuta kutoka nje na kwenda kuziba mtaro. Nimeona fosi nzuri zisizo nayo, mitaro yake imekufa mapema. Ukuta wa kugawa vyumba uwe na tundu katikati ya kina cha maji, na uwazi juu ili hewa ipite. Weka tiyo ya kupumua, ipande kupita paa, na wavu mdomoni dhidi ya mbu.

Maji ya jikoni yapite kwanza katika kisanduku cha mafuta, ambacho kitasafishwa kwa mkono. Maji ya mvua ya paa yasiingie katika mfumo huu hata tone moja. Mvua moja ya Desemba inasomba tope lote hadi kwenye mitaro.

Mtaro wa kunyonya ujazwe mawe safi kuzunguka tiyo yenye matundu, juu yake turubai au kitambaa cha kuzuia udongo usishuke, kisha udongo. Kabla ya kuweka mawe, kwaruza kuta za mtaro kwa reki, kwa sababu koleo huusugua mfinyanzi ukawa laini na kuuziba.

Kabla ya kufunika

Jaza fosi maji safi hadi usawa wa tiyo ya kutokea, uweke alama, uiache saa 24. Maji yakishuka, kuna ufa. Toa maji, rekebisha, jaribu tena. Masoni asilipwe pesa ya mwisho kabla ya jaribio hili. Liandike kwenye mapatano yenu tangu mwanzo, lisije likawa ugomvi.

Siku hiyohiyo mwite mkaguzi aone mfumo ukiwa wazi, aandike kwamba umefuata mchoro. Piga picha kila kitu, mita ikiwa imelazwa pembeni ili vipimo vionekane. Ndipo umwage dali ya betoni yenye vyuma, sentimita 10, ikiwa na vifuniko viwili, kimoja juu ya kila chumba. Vifuniko vibaki vinaonekana. Anayevizika chini ya kaveja ya uwanja ataivunja siku ya vidanje.

Miaka inayofuata

Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, chukua kijiti kirefu, kifunge kitambaa cheupe, kishushe katika chumba cha kwanza hadi chini. Doa jeusi linaonyesha tope limefika wapi. Likifika theluthi ya kina cha maji, ita gari. Usingoje choo kirudishe. Simama mbali na kifuniko kikiwa wazi, usiwashe kiberiti, na mtu asishuke.

Kabla ya kukubaliana bei na wenye gari, waulize wanamwaga wapi, na Huduma ya Mazingira ya komini ikuthibitishie mahali hapo. Gari linalomwaga kijitoni usiku kwa bei nafuu linaurudisha uchafu uleule ulioutoa. Wakimaliza, waache tope kidogo chini, kwa kuwa vijidudu vinavyokula uchafu vimo humo, na ujaze fosi maji mara moja. Dawa kali za kusafishia choo zitumike kidogo sana, maana zinaviua vijidudu hivyohivyo.

Kibali, mchoro uliogongwa muhuri, risiti, ripoti ya mkaguzi na picha vikae pamoja na sertifika ya lupango, katika bahasha moja. Ukiuza, mpe mnunuzi. Ukipangisha, mwonyeshe mpangaji vifuniko vilipo na mitaro inakopita, asije akachimba kisima juu yake.